Duka la vyombo vya kale vya Kichina, Kensington Church Street London: kwanza anakuonyesha ufa, bei baadaye

Siku ya kwanza kuingia mle dukani nlikuwa nimesimama mbele ya sahani moja ya maua ya waridi, sijasema kitu, mzee mwenye duka akaja akaitoa kabatini akaigeuza akanambia nipitishe kidole ukingoni. Hapa pana ufa, hapa kuna kipande kilivunjika kikarudishwa zamani, na hii dhahabu ya katikati imeliwa na visu vya watu waliokula juu yake. Halafu ndo akataja bei, pauni 140. Nimekaa London miaka 11 sasa na nimeingia maduka ya antiki mengi tu, lakini mtu kuanza na aibu za bidhaa yake kabla hata mteja hajafungua mdomo, hiyo sikuwahi kuiona.

Jina la duka siliandiki kwa sababu mwenyewe aliniomba nisiliandike, hana Instagram wala hataki. Mtaa nautaja manake unajulikana kwa biashara hii, Kensington Church Street. Shuka stesheni ya Notting Hill Gate kisha teremka nayo barabara kuelekea Kensington High Street, tembea polepole ukiangalia madirisha. Ukiona dirisha lina sahani tatu tu na hakuna bei hata moja, gonga kengele.

Ntaeleza kidogo kwa asiyejua ili tuelewane. Hivi vyombo ninavyokusanya si vile Wachina walivyojitengenezea wenyewe wala vya mfalme wao, ni vya kuuza nje, vya oda. Vingi vilitoka mji wa Jingdezhen jimbo la Jiangxi, udongo mweupe wa kaolini unachanganywa na jiwe lililosagwa, unachomwa kwenye joto la kama nyuzi 1,300 mpaka chombo kinakuwa kigumu na ukikiinua mbele ya taa unaona mwanga unapenya. Hapo vinashushwa kwa mashua za mtoni, vinavukishwa mlima wa Meiling migongoni mwa wapagazi, vinateremka tena kwa mto mpaka Canton, yaani Guangzhou ya leo, ndiko meli za Waingereza na Waholanzi na Wafaransa na Waswidi zilikokuwa zinangoja. Karne ya 18 sahani nyingi zilifika Canton zikiwa nyeupe tupu zikachorwa palepale. Mtu yuko Uingereza anatuma karatasi ina nembo ya ukoo wake, fundi wa Canton ambaye herufi za kizungu hazijui anainakili mstari kwa mstari, baada ya miaka miwili hivi au zaidi mzigo unafika. Na melini vyombo vilikuwa vinapangwa chini maana maji hayaviharibu, juu yake ndo masanduku ya chai, na chai ndo ilikuwa biashara yenyewe. Yani sahani hizi tunazozilipia leo hivi zilikuwa sakafu ya chai, na mimi hilo jambo naliwaza karibu kila asubuhi nikishika kikombe.

Kampuni ya Waingereza ya East India iliacha kuviagiza kwa wingi mwaka 1791, kwa hiyo vile vizuri wanavyovitafuta watu ni vya kabla ya hapo, enzi za wafalme wa Uchina Kangxi (1662 mpaka 1722), Yongzheng (1723 mpaka 1735) na Qianlong (1736 mpaka 1795). Baada ya hapo viliendelea kuja, ila kazi ya mkono ukiitazama unaona imepungua.

Sasa mimi na vyombo hivi tumetoka wapi. Mimi ni wa Kibokoni, Mji wa Kale Mombasa, na kwa bibi kulikuwa na bakuli moja kubwa juu ya kabati ambalo sisi watoto tulikatazwa hata kulipumulia, la Kichina hilo, bibi alikuwa akisema, la babu yake. Na si bibi peke yake. Watu wa pwani tumevipenda vyombo hivi kabla Mreno hajaijua njia ya kwenda Uchina. Nenda Lamu uingie nyumba kongwe, utaona ukuta mzima wa zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zile zilikuwa za kupangia vyombo. Gedi, yale magofu ya mji wa kale karibu na Malindi, ilipochimbwa na mwanaakiolojia James Kirkman kuanzia 1948 vilitoka vipande vya seladoni, vile vyombo vya kijani vya Longquan kule Uchina, pamoja na vya bluu na nyeupe. Kunduchi kule Dar makaburi yalitiwa mabakuli ya Kichina kwenye chokaa. Mwanaakiolojia Mortimer Wheeler alipopita mwaka 1955 kati ya Dar es Salaam na visiwa vya Kilwa alisema vigae vya Kichina vipo vya kuzoa kwa koleo. Kwa hiyo mtu akiniuliza mswahili na sahani za Kichina wapi na wapi, namwambia kaa kitako nikueleze.

Nlianza kununua mwaka wa 2019, na nlianza vibaya, na ndo sababu ya kuliandikia duka hili kwa urefu namna hii.

Kuna nyumba moja ya mnada ya mtandaoni, siitaji, niliona sahani ya enzi ya Qianlong yenye nembo, picha safi, maelezo yanasema hali nzuri inayolingana na umri wake. Nikapandisha mpaka 220 nikaipata, nikafurahi. Ikaja hesabu. Komisheni ya mnunuzi asilimia 25, juu ya komisheni kuna kodi ya VAT, ikafika 286, na posta 28, jumla 314. Nikalipa. Sahani ikafika kwenye boksi limefungwa hovyo lakini salama, nikaiweka mezani, inapendeza walahi. Miezi minne baadaye rafiki yangu mmoja anayefanya kazi ya kurekebisha fremu za picha akaja na tochi ya UV, ile ya mwanga unaofichua marekebisho, tukazima taa, theluthi nzima ya ukingo ikawaka weupe wa maziwa na sehemu nyingine zote ziko kimya. Yani ukingo ulikuwa umevunjika, ukajazwa, ukapuliziwa rangi, na juu mng'aro wa bandia, yaani ule utando kama kioo unaofunika chombo. Nikawaandikia. Wakanijibu masharti yanasema mnunuzi ajiridhishe mwenyewe kabla ya kununua, na muda wa kulalamika umepita. Ikaishia hapo, pesa zangu 314.

Sahani iliyovunjika ikarekebishwa mimi sina neno nayo, nina neno na mtu anayejua imevunjika akanyamaza. Nafikiri katika ukusanyaji huu wote hilo ndo jambo la kwanza kulitafuta kwa muuzaji, kabla ya bei na kabla ya uzuri wa dirisha.

Basi turudi kwa mzee. Safari ya pili nikaenda na ile sahani yangu ya mnada kwenye mkoba, nimeifunga kwa leso mbili, nikamwomba aitazame. Angeweza kuniambia haina maana aniuzie yake. Alikaa nayo kama nusu saa na akanifundisha, bila malipo, na kwa kweli haya aliyonifundisha yana thamani kuliko ile sahani.

Kwanza sauti. Unaikalisha kwenye ncha za vidole, unaigonga kidogo ukingoni kwa ukucha. Nzima inalia kama kengele, inavuma. Yenye ufa inatoa sauti iliyokufa, kama umegonga kibao. Halafu chini, lile duara inaloketi juu yake. Halina mng'aro, udongo uko wazi, na ukiligusa ni kavu laini, mara nyingi pana wekundu wa kutu pale mng'aro unapoishia, na pengine chembe za mchanga wa tanuri zimeganda. Ukilikuta chini kote kweupe pee pameng'arishwa sawasawa jiulize mara mbili. Ukingoni utaona vidoa vidogo ambapo mng'aro umebanduka, kama vimeliwa na mdudu, hiyo kawaida ya vyombo vya eksporti, usiogope. Ukiinamisha sahani mwanga uje wa pembeni, juu ya mng'aro unaona vijishimo vidogo vidogo kama ganda la chungwa, na mikwaruzo ya visu inaenda kila upande. Mikwaruzo ikienda upande mmoja tu, mtu kaisugua juzi.

Muhuri wa mfalme chini akaniambia niusahau kabisa, vyombo vingi vya eksporti vya karne ya 18 havina muhuri wowote, na mihuri ya Kangxi iliandikwa kwenye vyombo mpaka miaka 200 baada ya Kangxi mwenyewe kufa. Na kwenye sahani za nembo kuna jambo jingine, kiwanda cha Samson cha Paris kilichoanza 1845 kilitengeneza nakala nyingi mno za sahani hizi za nembo. Akanitolea moja anayoiweka kwa kufundishia wateja, nikaishika mkono huu na ya kweli mkono huu, weupe wake hauna ule ubluu ubluu wa mbali wa ile ya Jingdezhen, na imetulia mno, duara lake kamili, haina kosa hata moja. Tochi ya UV pia akasema nisiitegemee peke yake, baadhi ya rangi za marekebisho za siku hizi haziwaki.

Sahani yangu ni ya kweli kwa taarifa yenu, Qianlong ya kweli kabisa, ukingo tu ndo bandia. Akaniambia nikae nayo, niiweke zidakani niipende. Hakutaka kuinunua na hakunidanganya kwamba inauzika.

Safari ya tatu ndo nikanunua kwake mara ya kwanza, kikombe kisicho na mkono pamoja na kisahani chake, kutoka meli ya Geldermalsen. Hii nitaikalia kidogo. Geldermalsen ilikuwa meli ya kampuni ya Waholanzi, VOC, ilitoka Canton mwisho wa 1751 imejaa chai na vyombo, tarehe 3 Januari 1752 ikapanda mwamba katika Bahari ya China Kusini ikazama. Walikuwemo watu 112, waliookoka 32 tu, wakafika Batavia, Jakarta ya leo, kwa mashua mbili. Mwaka 1985 mtafuta meli zilizozama Michael Hatcher akaipata, na mwaka 1986 nyumba ya mnada ya Christie's wakapiga mnada kule Amsterdam, vyombo zaidi ya 150,000, ndo mnada unaoitwa Nanking Cargo. Vikombe vilikuwa maelfu kwa maelfu, ndo maana mpaka leo mtu wa mshahara wa kawaida anaweza kupata kimoja. Changu ni kahawia nje kama kahawa yenye maziwa, ndani bluu na nyeupe, na chini kipo na ile stika ya duara ya mnada yenye namba ya loti, yaani ya fungu lililouzwa. Nililipa pauni 180.

Na hapa pia kabla hajapokea kadi yangu aliniambia vitu viwili. Moja, stika inaweza kubanduliwa kwenye chombo kimoja ikabandikwa kwenye kingine, kwa hiyo akafungua katalogi ya mnada ule tukatafuta namba ya loti pamoja mpaka tukahakikisha mchoro ni wenyewe. Pili, akaniambia wanaakiolojia walikasirika sana kuhusu meli hii manake vitu vilitolewa kwa ajili ya kuuzwa bila kuandikwa kila kimoja kilikaa wapi, na ile habari ya meli ilipotea haitarudi, nijue ninanunua nini. Nilikaa na hilo neno siku kadhaa kabla sijalipa. Nilinunua, ila nimeliandika kwenye kadi inayokaa na kikombe, pamoja na idadi ya waliozama, 80. Ule mng'aro wake umefifia upande mmoja, hiyo ni kazi ya bahari miaka 233, usijaribu kuusafisha.

Sasa bakuli la bibi. Nilikuwa na picha yake kwenye simu, nikamwonyesha mzee nikiwa na uhakika. Akaikuza kwa vidole, akaniuliza kama ni zito, nikasema zito. Akauliza likigongwa linalia, nikasema nani angethubutu kuligonga. Akasema kwa upole kabisa, hili si la Kichina, maua yake yamepigwa muhuri wa sponji hayakuchorwa kwa brashi, hili ni la Uholanzi, Maastricht, karne ya 19, mwombe mama aligeuze. Nikampigia mamangu palepale, akapanda stuli, nikamsikia anasema bismillahi, akaligeuza. Pameandikwa Petrus Regout, jina la kiwanda, Maastricht, na kipicha cha yule simba mwenye kichwa cha mtu.

Wengi wetu pwani tunavyo hivi nyumbani, Zanzibar Lamu Mombasa, viwanda vya Maastricht viliuza mabakuli mengi sana kwetu, na miaka mia ikipita kila chombo cha zamani kinaitwa cha Kichina. Mimi niliumia, siwezi kusema sikuumia, lakini mzee akaniambia kitu kimoja kikanituliza, kwamba bakuli la Maastricht lililokaa kwenye nyumba moja Mombasa kwa vizazi vinne lina historia inayojulikana kuliko sahani zake zote mle dukani ambazo hajui nani alikula ndani yake. Mama amelirudisha juu ya kabati, na watoto bado wamekatazwa.

Nikamuuliza basi, umewahi kupata chombo kilichotoka kwetu, cha pwani kweli? Akakaa kimya kidogo. Akasema kuna mtu aliwahi kumletea mabakuli mawili madogo ya bluu na nyeupe, mazuri, na nyuma yana chokaa imeganda kwenye duara la chini. Akamuuliza yametoka wapi na karatasi ziko wapi, mtu akasema ya familia, karatasi hamna. Akamrudishia. Mimi nikabaki nimeganda pale, manake ile chokaa najua ni ya nini, ile ni ya kaburi au ya kibla cha msikiti, kuna mtu alikwenda na patasi. Ukienda leo kwenye makaburi yale ya zamani utaona mashimo ya duara matupu, bakuli lilikaa pale miaka mia ngapi juu ya kichwa cha maiti, leo hakuna. Kwa hiyo naomba tena naomba, ndugu zangu mnaoanza kukusanya, chochote chenye chokaa nyuma usiguse, na kile kigae unachokiokota ufukweni Kilwa au Shanga kiache pale kilipo, sheria za Kenya na Tanzania zote zinakataza kuvitoa vitu hivi bila kibali, na hata zisingekataza. Muuzaji wa London aliyekataa faida kwa ajili ya kaburi la mtu asiyemjua, mimi kwangu huyo nimemwamini kabisa, nitanunua kwake mpaka afunge.

Kasoro za duka zipo na ntazisema. Saa za kufungua haziaminiki, mara mbili nimeenda Jumamosi nikakuta pamefungwa bila hata kikaratasi, piga simu kwanza. Bei zake ziko juu ya mnada, hilo kweli, kitu cha mnada cha 100 kwake utakikuta 170 au 180, ila ukijumlisha komisheni na posta na hatari ya kurekebishwa kwa siri tofauti inakuwa ndogo, na kwake unapata risiti iliyoandikwa kila kitu, enzi, ufa uko wapi, kimerekebishwa wapi, na akikosea unarudisha. Kupunguza bei hapendi, nimejaribu kama tunavyofanya Marikiti, alitabasamu akashusha pauni 5. Ngazi ya kushuka chini kwenye vyombo vya bei nafuu ni nyembamba na mwinuko mkali, mamangu hataweza siku akija. Na siku ya kwanza anaweza kuwa baridi kwako, hasalimii mpaka umeshika kitu, ukishika ndo anachangamka.

Kufunga mzigo anafunga vizuri kuliko mtu yeyote niliyemwona, kikombe kinafungwa karatasi laini, kinawekwa ndani ya boksi, na boksi ndani ya boksi jingine na nafasi ya vidole vinne kila upande imejazwa. Nilimtumia dadangu Muscat kisahani kwa njia hiyo kikafika salama salimini.

Ukitaka kuanza na huna pesa nyingi mwambie akushushe chini akuonyeshe sahani za pini. Hizi zilivunjika zamani zikashonwa kwa pini za chuma nyuma, tundu zimetobolewa nusu tu hazitokezi mbele, kazi ya fundi wa kweli, na wakusanyaji wengi hawazitaki kwa hiyo bei inaanguka. Nina moja ya Qianlong ya bluu na nyeupe, pini sita, pauni 70, na kati ya vyote nilivyonavyo hiyo ndo naitoa wageni wakija. Ila kabla ya kununua chochote pita jumba la makumbusho la Victoria and Albert (V&A) ghorofa za juu kabisa kwenye vyombo vya udongo, bure, kisha British Museum chumba namba 95 kwenye mkusanyo wa vyombo vya Kichina wa Percival David, kama vyombo 1,700, bure vilevile. Mzee mwenyewe ndo aliyenituma huko kabla hajakubali kuniuzia, alisema nenda kaangalie vizuri ndo urudi kwangu.

Ile sahani ya waridi ya siku ya kwanza, yenye ufa, haikuuzwa. Wiki iliyopita nimelipa 70, ameiweka nyuma ya kaunta ina kikaratasi chenye jina langu, 70 nyingine mshahara ukiingia.